Andiko Lililotazama Ndani

Vijana wa mashine, wiki hii nimepita mbele ya vibanda vyenu hapa Ndosho, mjini Goma, nikasoma kazi zenu zote kama mtu anayekagua shamba alilolilima zamani. Herufi zimenyooka. Rangi haichuruziki. Kwa muda wa kunywa chai mnachapa kitu ambacho mimi nilikichora tangu asubuhi mpaka jua lipinduke, na sina kinyongo. Mkono wangu ulianza kutetemeka kabla sijazeeka, labda kwa sababu ya kuvuta harufu ya rangi miaka mingi. Siku nilipoona herufi O yangu imefanana na yai lililokanyagwa, niliosha brashi zote, nikazifunga katika kitambaa. Sijazifungua tena.

Lakini kwenye kibanda kimoja, sitasema cha nani, niliona stika kubwa ya rangi ya dhahabu ikingoja kubandikwa kwenye basi dogo la kwenda Rutshuru. NITAPANDA MPAKA MBINGUNI. Chini yake, Isaya 14. Nilimwuliza kijana aliyeichapa kama ameisoma sura hiyo. Akasema mteja ameituma kwa simu. Nikamwomba aifungue. Akasoma mwanzo, akacheka kidogo, akaendelea, akaacha kucheka. Maneno yale ni ya mfalme wa Babeli. Anayasema moyoni mwake, na katika sura hiyohiyo yuko shimoni kwa wafu, amelalia funza kama godoro, na waliotangulia wanamshangaa: hata wewe umekuwa kama sisi?

Kijana alimpigia mteja. Mteja akajibu kwamba kila kilicho katika Biblia ni neno la Mungu, wabandike tu. Ni kweli. Ila humo ndani Mungu pia anarudia maneno ya watu wenye kiburi, ili tusikie jinsi yanavyosikika kwake.

Ndiyo sababu nimekaa kuwaandikia. Siwafundishi mashine, mashine mnaijua ninyi. Nataka kuwaambia niliyoyaona katika kazi ya kuandika maneno ya manabii juu ya malori, maduka na mikahawa, na hasa juu ya lori moja la kijani ambalo mbele halikuandikwa kitu.

Aliyenifundisha kazi ni Muzee Deo, mtu wa upande wa Bukavu, mwimbaji wa kwaya, mwenye mkono mwepesi kuliko wote niliowahi kuwaona. Alianza neno katikati na kutanuka pande zote mbili, herufi moja kulia, moja kushoto, ili maneno yasije yakamaliza ubao kabla ya kwisha yenyewe. Wengi wenu mmeona kibao cha zamani kilichoandikwa DUKA LA MATUMAINI huku herufi za mwisho zimebanana kama abiria. Huyo alianzia kushoto.

Siku moja mama mmoja wa Birere, mwenye mkahawa, alimwomba Muzee Deo andiko linalohusu chakula. Muzee Deo alikumbuka maneno aliyoyasikia kanisani, akachora samaki mzima kwenye sahani, mvuke ukipanda, na juu yake: TULE NA TUNYWE. Isaya. Ilikuwa kazi ya kupendeza. Kesho yake wapakuzi wa mizigo walisimama mbele ya ukuta, mmoja akasoma kwa sauti, wenzake wote wakamalizia kwa pamoja: kwa maana kesho tutakufa. Tangu siku hiyo hawakuingia tena bila kumalizia. Walikuwa wakiagiza ugali, kisha wanamwomba mama mchuzi wa kutosha, "Mama, utie na musosi mingi, ni ya mwisho." Wateja wageni walikuwa wakisikia hayo na kuondoka polepole. Mama akaja kumwita Muzee Deo aje afute samaki wake na nabii wake.

Muzee Deo alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu alirudi, akaisoma sura yote, na jioni ile akanisomea na mimi. Ni mji uliozungukwa na adui. Watu wamepanda juu ya mapaa wakipiga vigelegele. Mungu amewaita walie, wao wanachinja ng'ombe. Sauti yake ilikuwa ikipungua kadiri alivyosoma. Alipomaliza alisema, "Sikuwa nimeandika andiko la chakula. Nilikuwa nimeandika kosa lao." Kuanzia hapo karakana yetu ilikuwa na sheria moja ambayo hakuna mteja aliyeweza kuivunja: hakuna kufungua kopo la rangi kabla ya kusoma sura nzima.

Mimi shule yangu iliishia kwenye msingi. Mengine nimeyapata rangi ikikauka. Rangi ya mafuta ikishapakwa, mchoraji hana la kufanya. Akiigusa anaiharibu, akiiacha peke yake vumbi linaikalia. Hapa kwetu vumbi ni jeusi, lina makali ya kioo kwa sababu ni jiwe la mlima lililosagwa na magurudumu, na likiingia katika rangi mbichi halitoki. Kwa hiyo nilikuwa nikilowesha ardhi kwa maji, natundika shuka lenye unyevu, nakaa kando yake kulinda, na kusoma. Nilikuwa na Biblia tatu: ya Wakatoliki, ya Waprotestanti, zote za Kiswahili, na moja ya Kifaransa iliyokosa jalada. Niliziweka zote tatu juu ya benchi, mstari kwa mstari. Pale zinapotofautiana niliandika alama. Sikuwa na mwalimu, kwa hiyo nilienda polepole, na nadhani polepole ndiyo mwalimu wangu.

Manabii walinishika. Zaburi zinaweza kusomwa kwa kipande, nabii hakatiki. Ukimkata, unabaki na kinyume cha alichosema. Na jambo nililoliona, nikalihakikisha kitabu baada ya kitabu, ni kwamba kila wanapozungumza juu ya kiburi wanazungumza juu ya kitu kirefu. Mti mrefu. Mnara. Meli yenye mlingoti. Kiota cha tai. Nilijiuliza kama Mungu anachukia urefu. Lakini mierezi ni yake, milima ni yake. Halafu nikaona kwamba kinachohukumiwa ni swali ambalo kirefu hujiuliza chenyewe kikiwa huko juu: nani atanishusha? Sisi tunaoishi chini ya mlima wa moto ambao wenyewe umewahi kushuka mpaka mjini, ukapita katikati ya maduka bila kugonga mlango, tunapaswa kulielewa swali hilo kuliko watu wengine. Nilipokuwa nikisoma mistari hiyo nilijikuta nimevua kofia, hali niko peke yangu na ndoo ya maji.

Na Kiswahili chetu kinasema kujivuna. Mimi si mtu wa elimu ya lugha, sijui neno limetoka wapi. Lakini sijawahi kuliandika bila kuona mtu aliyeingia shambani, akajikata mwenyewe, akajifunga mganda, akajibeba sokoni.

Sasa Mama Kavira.

Alikuwa mjane wa Butembo aliyehamia Goma, mfanyabiashara wa maharagwe na viazi. Maisha yake yote ya biashara alisafiri juu ya mizigo, kwenye malori ya wengine, amefunga kitenge kichwani na mvua ikimnyeshea kutoka Kanyabayonga mpaka Munigi. Madereva walimjua kwa jina. Basi, baada ya miaka mingi alinunua lori lake mwenyewe. Lilikuwa si jipya, lakini alilipaka kijani upya, akalileta kwenye karakana yangu likiwa na dereva wake, Papa Muhindo, mtu mnene mpole aliyekuwa ameendesha barabara ile tangu ujana wake. Kama mnavyojua, kwetu lori halianzi safari likiwa na paji la uso tupu. Linapewa neno. Mzigo wa viazi ulikuwa umeshanunuliwa Butembo unangoja, na viazi havijui kungoja.

Mama Kavira alikuwa amefunga siku tatu, kisha asubuhi amefumba macho, amefungua Biblia, ameweka kidole. Wengi hufanya hivyo, nadhani hata mama zenu. Kidole kilikuwa kimeangukia kitabu cha Obadia. Alinisomea akiwa amesimama wima kama mtoto mbele ya darasa: hata ukipaa juu kama tai, hata ukiweka kiota chako kati ya nyota. Akafunga kitabu. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Papa Pentre," aliniambia, maana wote waliniita hivyo, yaani Baba Mchoraji, "miaka yote nilipanda juu ya mizigo ya batu. Sasa nitakaa mbele, ndani ya kabine. Mungu aliona. Njo maana alisema tai."

Nilimwambia kwa upole kuhusu sheria ya karakana. Nikamweleza kwamba sentensi ile haijaisha pale alipofunga kitabu. Nilimsomea kipande kilichobaki: nitakushusha kutoka huko.

Papa Muhindo, aliyekuwa akifuta taa za lori, aliacha kufuta.

"Sasa unataka nimwambie Mungu kidole changu kilipotea njia?" akasema Mama Kavira.

Mtu aliyefunga na kuomba, na kufumba macho kwa uaminifu, utamwambiaje kwamba achague mstari mwingine kama anayechagua viatu? Kama lile lilikuwa neno la Mungu kwake, kulikataa ni kumkataa Mungu. Kama angeliandika lilivyo, alikuwa anaita anguko juu ya kitu pekee alichokuwa nacho, pamoja na mtu atakayekiendesha. Na kama angeliandika nusu, ingekuwa stika ya kijana wenu. Nilimwona akiyapima hayo yote, maana aliweka mkono kwenye bati la lori kama mtu anayemshika ng'ombe asiondoke.

Nilimpa benchi. Nikamwekea Biblia zote tatu. Obadia ni kitabu kifupi kuliko vyote katika Agano la Kale, ukurasa mmoja na kidogo. Aliushangaa ufupi wake, akauliza kama ndiyo sababu watu hawakisomi. Nikasema watu hukipita kama kijiduka kilicho kati ya maduka makubwa. Akatabasamu, akaanza kusoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno.

Ni habari za Edomu. Waliishi juu ya miamba, katika mapango ya mawe, na mioyo yao ikawadanganya kwamba hakuna wa kuwafikia. Mpaka hapo Mama Kavira alisoma vizuri. Halafu nabii anaeleza kosa lao hasa lilikuwa nini. Ndugu yao, Yakobo, alivamiwa. Wageni waliingia malangoni mwake, wakagawana mali yake kwa kura. Na Edomu alisimama kando, akatazama. Kisha akaingia naye. Akaweka mkono kwenye vitu vya mtu aliyekuwa anakimbia. Akasimama kwenye njia panda kuwazuia waliokuwa wanaponyoka.

Hapo kwenye njia panda kidole chake kilisimama. Hakikusogea mbele wala hakikurudi nyuma. Nje pikipiki zilikuwa zinapita na mtu alikuwa anapiga honi. Hakuniambia kwa nini alinyamaza pale, na mimi sikuuliza. Katika mji wetu kila mtu mzima anaikumbuka siku fulani ya njia panda, siku ambayo watu walikuwa wanakimbia na wengine walikuwa wamesimama. Na mimi nilitazama mikono yangu.

Baadaye alimaliza kusoma. Kama ulivyotenda, ndivyo utakavyotendewa; tendo lako litarudi juu ya kichwa chako. Alifunga kitabu bila kelele, akasema atarudi kesho.

Vijana, nimesoma Obadia mara nyingi kabla ya siku ile na mara nyingi baada yake, lakini sijawahi kukisikia tena kama nilivyokisikia kwenye sauti ya mwanamke yule. Nilikuwa nimezoea kufikiri hukumu ni radi, kitu kinachotoka mbali na kupiga. Pale kwenye benchi niliona kwamba yaweza kuwa ukurasa mmoja na kidogo uliokaa kimya kati ya vitabu vikubwa, ukimngoja mtu mmoja aweke kidole.

Kesho yake alikuja mapema, kabla vumbi halijaamka.

"Mungu hakunipatia nusu ya mustari," akasema. "Mi njo nilisoma nusu. Andika yote."

Nilimwuliza kama ana hakika. Akasema andika yote, mpaka nitakushusha, na herufi za mwisho ziwe kubwa sawa na za kwanza.

Papa Muhindo ndiye aliyekataa. Alizungumza kwa heshima, kofia mkononi, lakini alikataa.

"Mama, mi niko shofere, siko nabii. Ile mushuko ya Kabasha unaiyua. Feri ikikataa siku moja, batu batasema nini? Batasema ilikuwa imeandikwa."

Kabasha, kwa msiojua barabara ile, ni mteremko unaoshuka kutoka Kanyabayonga mpaka kwenye tambarare ya mbuga. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande mwingine ni hewa; breki zikikataa, hakuna pa kukimbilia. Malori yamelala kule chini miaka na miaka, na nyasi zimeota ndani yake. Kumwambia dereva wa Kabasha aendeshe gari lililoandikwa NITAKUSHUSHA kwenye paji la uso ni kama kumwambia mpishi akoroge kwa kutumia nyoka. Mama Kavira alimwambia kwamba neno si mchezo wa bahati. Papa Muhindo akasema anajua, ndiyo maana anaogopa; lingekuwa mchezo wa bahati asingejali. Akaweka ufunguo wa lori juu ya benchi langu, karibu na Biblia, akasema atakwenda kutafuta kazi kwa mwingine bila ugomvi. Viazi viliendelea kungoja Butembo.

Nilifanya kile ninachojua kufanya. Nilichukua chaki, nikaandika sentensi yote kwenye paji la lori, kutoka katikati kwenda pande mbili, ili angalau tuione. Kisha nikavuka barabara. Sikilizeni hapa, hili ni la kazi, na mashine haitawafanyia: kabla hujaweka rangi, nenda kasimame mahali atakaposimama msomaji. Andiko lina uso kama mtu, na uso unamtazama mtu fulani. Nilikwenda nikasimama upande wa pili, macho yangu yakiwa kwenye nafasi kati ya herufi.

Mama mmoja muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, alikuwa anapita na beseni lake kichwani. Alisimama mbele ya lori, akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kama wanavyosoma watu waliojifunza ukubwani. Tai akampendeza. Nyota zikampendeza. Alipofika mwisho alirudi hatua moja nyuma, beseni likayumba.

"Unishushe?" akaliambia lori. "Miye? Minakukosea nini?"

Watu wote waliokuwa barabarani walicheka. Papa Muhindo alicheka licha ya yeye mwenyewe. Muuza sambaza, alipoona amependwa, aliendelea: akaliambia lori limngoje kwanza auze, ndipo limshushe, kwa sababu huko chini hakuna wanunuzi. Akaenda zake akitikisa mabega.

Mama Kavira peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama kando yangu, anamtazama yule mwanamke akienda. Kisha akavuka barabara, akajisimamisha pale pale aliposimama muuza samaki, mbele ya lori, akasoma tena. Aliporudi alikuwa mtulivu.

"Ile mama alisema kweli," akaniambia. "Hakukosa kitu. Kitabu kilifunguliwa kwa miye. Sasa nitaenda naambia batu ba Kiwanja, batu ba Rutshuru, mama na beseni yake, ati Mungu atabashusha? Ondoa. Andika ndani. Iniangalie miye."

Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu kuandika maneno matakatifu yakitazama nje. Malori, maduka, mabasi, milango ya makanisa. Kila mteja alitaka neno liwatazame wengine: adui zake, wenye wivu, wapita njia. Hakuna aliyewahi kuniomba niligeuze. Nilijisikia kama mtu aliyekuwa akibeba taa miaka yote akiwa ameishika nyuma ya mgongo wake.

Nilifuta chaki kwa kitambaa chenye maji. Nikaingia ndani ya kabine, nikalala chali juu ya viti, kichwa kikiwa karibu na mlango, nikaandika juu ya kioo cha mbele, kwenye ule ukanda wa bati ambao anayekaa ndani hawezi kuacha kuuona. Herufi ndogo, nyeupe. Kuandika juu ya kichwa chako ni kazi ngumu. Rangi inarudi kwenye mkono, inaingia kwenye jicho, na usipoikoroga iwe nzito kidogo itakudondokea. Funga kitambaa kwenye kiwiko. Pumua ukiwa umemaliza herufi, usipumue katikati yake. Mama Kavira alikaa kwenye ngazi ya lori nje muda wote huo, na alipoona nimefika kwenye neno la mwisho alisimama, akaingiza kichwa dirishani, akatazama brashi ikimaliza.

Papa Muhindo alikuja kukagua. Alisema likiwa la ndani ni jambo kati yao na Mungu, barabara haina habari. Akachukua ufunguo wake. Ila alipokaa kwenye usukani alining'iniza kofia yake kwenye kioo cha kuangalia nyuma, kwa namna ambayo ilifunika neno la mwisho lote. Mama Kavira aliona. Pale kituoni madereva wengine waliliita lori lile Bubu, kwa sababu lilikuwa kijani tupu halina hata jina la mtakatifu, na wakamwuliza kama mwenye gari aliishiwa na herufi. Papa Muhindo aliwajibu kwamba lake linaongea ndani ya nyumba, kama mke mwenye heshima.

Nilisafiri nao safari ile ya kwanza, kwa sababu nilihitaji rangi, na Butembo ilikuwa na wauzaji wazuri. Barabara ilikuwa bado inapitika. Kwenda, lori lilikuwa tupu na jepesi, na kofia ilining'inia mahali pake. Mama Kavira alikaa katikati yetu. Wakati mwingine alikuwa akiinua macho, akatazama pale kofia ilipokuwa, kama mtu anayetazama mlango uliofungwa ambao anajua nani yuko nyuma yake.

Kurudi, tulikuwa tumebeba viazi mpaka kamba zinalia. Tulifika juu ya Kabasha mchana. Kulikuwa kumenyesha. Mawingu yalikuwa yamefunguka, na tambarare yote ya mbuga ilikuwa chini yetu, pana, ya rangi ya majani makavu, mto ukiwaka ndani yake kama uzi wa shaba, na mbali kabisa milima ikiwa imesimama mmoja nyuma ya mwingine. Ndege wakubwa walikuwa wakizunguka hewani chini yetu. Nilikuwa sijawahi kuona migongo ya ndege wanaoruka. Niliwaza watu wa Edomu juu ya miamba yao, na kwa mara ya kwanza nikaelewa jinsi ambavyo mtu anaweza kudanganyika. Kutoka mahali kama pale dunia inaonekana kana kwamba umepewa.

Papa Muhindo alisimamisha lori. Alishuka, akagonga magurudumu kwa fimbo, akalala chini kuangalia breki, akapanda tena. Hakuwasha injini. Alikaa na mikono yote miwili juu ya usukani akitazama ukingo wa barabara ambako udongo ulikuwa umemeguka kwa mvua. Jasho lilimtoka, na kulikuwa na baridi.

Mama Kavira hakumharakisha. Alikuwa ameshika rozari lakini vidole vyake havikusogea. Niliona kwamba hakuwa anaomba lori lipone. Alikuwa amekaa tu chini ya maandishi yake, kama mtu aliyeitwa mahakamani na amefika.

Kisha Papa Muhindo alinyoosha mkono, akaondoa kofia kwenye kioo, akaiweka juu ya mapaja yake. Neno lilikuwa pale, jeupe, bado linanukia rangi. Alilisoma kwa midomo. Sisi sote watatu tulilisoma, na hakuna aliyekuwa nje yake.

"Haya basi, Bwana," akasema, kwa sauti ileile aliyotumia kuzungumza na wenye vizuizi vya barabarani. "Utushushe. Lakini polepole."

Akawasha injini, akaingiza gia ya kwanza.